GPG mbili kwenye kompyuta moja: uzitenganishe vipi?

Dada mmoja wa uhasibu, katika ofisi ambayo nilikuwa nashughulikia kompyuta zake, aliniita siku moja akiwa amekunja uso. "Kaka, ufunguo upo, halafu haupo." Nikadhani ananitania. Nikakaa kwenye kiti chake, nikaandika `gpg --list-keys`, amri ya GPG, programu ya kusimba mafaili, ya kuonyesha funguo za umma, zile za kusimbia. Jina la ofisi likatokea, na tarehe, na zile namba ndefu zote. Nikaandika `gpg -K`, amri ya kuonyesha funguo za siri, zile za kufungulia. Kimya. Hata mstari mmoja haukutoka. Faili la malipo lilikuwa linasubiri kufunguliwa kabla ya saa tisa alasiri, na programu iliyotuonyesha ufunguo mchana kweupe ilikuwa inatuambia haina cha kulifungulia.

Aliyekosea nilikuwa mimi. Wiki moja kabla nilikuwa nimeweka GnuPG (ndiyo GPG hiyohiyo) ya zamani, toleo la 1.4, kando ya ile mpya, ili aweze kufungua kumbukumbu za miaka ya nyuma. Kisha ufunguo mpya wa ofisi nikautengeneza kwa hiyohiyo `gpg1`, bila kufikiri, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mbele yangu kwenye terminali. Matoleo mawili nikayapa folda moja.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kama inawezekana kuwa na matoleo mawili ya programu ya usimbaji kwenye mashine moja, namjibu kwamba kuyaweka ni kazi ya dakika tano. Swali lenye uzito ni funguo za kila toleo zitakaa wapi, na nani mwingine anaweza kuzigusa. Njia zote nitakazozilinganisha hapa nazipima kwa swali hilo.

Matoleo yenyewe

GnuPG, au GPG kama wengi tunavyoiita, ilianzishwa na Werner Koch wa Ujerumani, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1999. Ilifuata njia iliyofunguliwa na PGP ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991. Leo matawi utakayokutana nayo zaidi ni matatu (kwenye jedwali, gpg-agent ni wakala anayeshika funguo, pinentry ni programu ndogo ya kuuliza nywila, na ed25519 ni aina ya kisasa ya ufunguo):

| | 1.4 | 2.2 | 2.4 |
|---|---|---|---|
| Lilianza | 2004 | 2017 | 2022 |
| Anayeuliza nywila | gpg yenyewe | gpg-agent na pinentry | gpg-agent na pinentry |
| Funguo za siri hukaa | secring.gpg | private-keys-v1.d | private-keys-v1.d |
| Funguo za enzi ya PGP 2 | inazisoma | inaziruka | inaziruka |
| Funguo za ed25519 | haizijui | inazijua | ndizo chaguo lake la kwanza |

Tawi la 2.2 wenyewe walisema wangeacha kulihudumia mwisho wa 2024, ila Ubuntu 22.04 na Debian 12, ambazo ni distro, yaani mikusanyiko, za Linux, zilikuja nalo, na wasimamizi wa distro hizo huliwekea viraka. Ubuntu 24.04 na Debian 13 zina 2.4. Lipo pia tawi la 2.5 lililoanza 2024, lenye usimbaji wa Kyber uliotengenezwa kwa hofu ya kompyuta za kwanta. Ukilijaribu hilo, litengenezee ufunguo wa majaribio tu, maana ufunguo wa aina hiyo matoleo ya nyuma hayataweza kuutumia.

Ndani ya ~/.gnupg

Fungua folda hiyo kwenye mashine iliyopitia matoleo kadhaa (`ls -la ~/.gnupg`) utaona tabaka za miaka kama udongo wa kisima. Kuna `pubring.gpg` na `secring.gpg` za enzi ya 1.4: moja ya funguo za umma, nyingine ya funguo za siri. Kuna folda ya `private-keys-v1.d`, ambamo tangu 2.1 kila ufunguo wa siri una faili lake. Na kuna kijifaili kitupu chenye jina `.gpg-v21-migrated`.

Hicho kitupu ndicho chenye kesi. Toleo jipya likikuta `secring.gpg` kwa mara ya kwanza, linanakili funguo zake za siri kuzipeleka `private-keys-v1.d`, kisha linaweka hicho kijifaili kama alama ya "nimeshahamisha". Kuanzia hapo halitazami tena `secring.gpg` maisha yake yote. Lakini `pubring.gpg`, kama ilikuwepo tangu mwanzo, matoleo yote mawili yanaendelea kuitumia kwa pamoja. Ndiyo maana ufunguo wa yule dada ulikuwepo na haukuwepo: upande wa umma uliandikwa mahali wanapoangalia wote, upande wa siri ukaandikwa kwenye faili ambalo toleo jipya lilishaacha kulisoma.

Hilo ni usumbufu. Lipo jambo baya zaidi, na sijaona watu wengi wakilisema. Uhamisho ule haufuti `secring.gpg`. Inabaki palepale na nywila yake ya siku ile. Sasa chukulia umehisi mtu ameiona nywila yako, ukaibadilisha kwa toleo jipya, ukalala usingizi. Nakala ya ufunguo ndani ya `secring.gpg` bado inafunguka kwa nywila ya zamani. Mtu akipata laptopu yako au diski uliyohifadhia nakala ya akiba, hahitaji nywila mpya. Umebadilisha kitasa cha mlango wa mbele na kuacha wa uani vilevile.

Kati ya 2.2 na 2.4 mgongano ni mdogo, lakini upo. Yote mawili hutumia gpg-agent, wakala anayeshika funguo na kukumbuka nywila, na kwa folda ya kawaida wakala huyo husikiliza kwenye soketi moja, yaani mlango wa programu kuongea na programu, chini ya `/run/user`. Aliyewahi kuamka ndiye anayehudumia wote. Ukiita gpg ya 2.4 wakati wakala wa 2.2 yuko macho, utapata onyo kwamba seva ni ya zamani kuliko programu, na ushauri wa kuandika `gpgconf --kill all`. Kuanzia 2.4.1, tena, ikiwa folda ni mpya kabisa, programu huwasha keyboxd, mtunzaji wa funguo za umma, na kuziweka kwenye hifadhidata ndani ya `public-keys.d`. Baadhi ya distro huzima tabia hiyo. Isipozimwa, 2.2 ikija kwenye folda hiyohiyo itakuta shamba tupu.

Kabla hujaweka mbili, hakikisha unazihitaji

Wengi wanaoniuliza habari ya 1.4 wana faili moja la zamani lililokataa kufunguka, basi. Mara nyingi 1.4 haihitajiki kabisa.

Mwaka 2018, baada ya udhaifu ulioitwa EFAIL kutangazwa, GnuPG 2.2.8 ilianza kukataa katakata mafaili yaliyosimbwa bila MDC, ule muhuri wa kuthibitisha kwamba maudhui hayajachezewa. Kabla ya hapo, kwa mafaili yaliyosimbwa kwa algoriti za zamani, lilikuwa onyo tu. Mafaili mengi ya zamani hayana muhuri huo. Ufunguo ni sahihi, nywila ni sahihi, na bado jibu ni kwamba usimbuaji umeshindikana. Kama faili ni lako, umelitoa kwenye diski yako mwenyewe na unajua limetoka wapi, jaribu kwanza:

`gpg --ignore-mdc-error --decrypt faili-la-zamani.pgp`

Likifunguka, huna haja ya matoleo mawili. Lisimbe upya kwa njia ya kisasa na uendelee na siku yako. Usiizoee amri hiyo kwa barua zinazotoka kwa watu, maana muhuri uliwekwa kwa sababu.

Wanaohitaji 1.4 kweli ni wenye funguo za PGP 2, zile zinazoitwa toleo la 3. Kuzitambua ni rahisi: ukijaribu kuziingiza kwenye toleo jipya, muhtasari wa mwisho husema imeruka "PGP-2 keys" kadhaa. Au pitisha faili la ufunguo kwenye `gpg --list-packets` utazame kama pakiti imeandikwa version 3. Ikiwa ni version 4, toleo lako la sasa linatosha.

Njia ya kwanza: gpg1 yenye folda yake

Kwenye Debian na Ubuntu, `sudo apt install gnupg1` hukuwekea programu ndogo inayoitwa `gpg1`, isiyoigusa `gpg` ya kawaida. Bando halishtuki hata kidogo. Kisha:

`mkdir -m 700 ~/.gnupg-zamani`

`alias zamani='gpg1 --homedir ~/.gnupg-zamani'`

Hapo `--homedir` inataja folda ya funguo, na `alias` inaipa amri nzima jina fupi. Kuanzia hapo unaandika `zamani --import`, `zamani --decrypt`, na `~/.gnupg` haiguswi. Kwa kuwa 1.4 inauliza nywila yenyewe bila kupitia wakala, hakuna soketi za kugombania. Kwa ajili ya kufungua kumbukumbu za zamani, sijaona njia nyingine inayoikaribia hii kwa urahisi.

Udhaifu wake ni kidole chako. Siku utakayoandika `gpg1` badala ya `zamani`, umerudi kwenye folda ya kawaida, na kisa cha yule dada kinaanza upya. Wengine huona dawa ni kuweka `export GNUPGHOME=...`, kigezo kinachotaja folda ya funguo, kwenye terminali. Nimewahi kufanya hivyo, nikaenda kunywa chai, nikarudi na kufanya kazi saa nzima nikishangaa funguo zangu zimekwenda wapi. Kigezo hicho kinaathiri kila kitu kinachoita gpg kutoka terminali hiyo, pamoja na git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo. Ukikitaka, kiandike mbele ya amri moja tu, kwenye mstari uleule, kife na amri hiyo.

Njia ya pili: kujijengea toleo jipya ndani ya /opt

Hii ni ya anayetaka kwenda mbele badala ya nyuma: mashine ina 2.2, yeye anataka kujaribu 2.4 bila kubadilisha mfumo. Unapakua msimbo, unaanza na maktaba zake: libgpg-error kwanza, unafuata libgcrypt, libassuan, libksba na npth, mwisho gnupg yenyewe, kila moja kwa `./configure --prefix=/opt/gnupg24`. Msimbo huja na faili la speedo ambalo hujenga vyote kwa mpigo, na kwa asiyependa kuhangaika hilo ndilo la kutumia.

Kuitenga kwa `/opt` hakutengi funguo. Hapo ndipo watu wanapoteleza: programu iko kwake, lakini bila `--homedir` inakwenda moja kwa moja `~/.gnupg` na kumkuta wakala wa 2.2 amekaa. Ukiipa folda nyingine, soketi yake pia hutengwa, kwenye kijifolda chenye jina la herufi zinazokokotolewa kutokana na njia ya folda hiyo, chini ya `/run/user`. Andika `/opt/gnupg24/bin/gpgconf --homedir FOLDA --list-dirs agent-socket`, FOLDA ikiwa njia ya folda hiyo, uione kwa macho.

Gharama yake ni kwamba umejiajiri kuwa msimamizi wa distro. Tarehe 19 Januari 2021 libgcrypt 1.9.0 ilitoka, na siku kumi baadaye ikatoka 1.9.1 kuziba tundu kubwa la kiusalama. Anayetumia kifurushi cha distro yake hakuwa na la kufanya zaidi ya kusasisha kama kawaida. Aliyejijengea ilibidi asikie habari, apakue, ajenge upya. Jiulize kwa ukweli kama wewe ni wa aina hiyo. Mimi ni wa aina hiyo kwa miezi miwili ya kwanza, kisha nasahau.

Na tahadhari moja zaidi: funguo zilizotengenezwa na 2.4 hutangaza kwamba zinapokea usimbaji wa OCB, ambao matoleo ya zamani hayaujui. Tangu 2024 dunia ya OpenPGP, kiwango cha programu za aina hii, imegawanyika pia kati ya maandiko mawili: RFC 9580, na LibrePGP inayofuatwa na GnuPG. Kama unawasiliana na watu wenye programu mchanganyiko, ufunguo wako wa kila siku uache kwenye toleo wanalolielewa wote.

Njia ya tatu: mtumiaji mwingine

Inasahaulika sana hii, nami naipenda. Fungua akaunti ya pili kwenye kompyuta, tuseme `kumbukumbu`, na funguo za zamani ziishi humo. Ana folda yake, soketi zake, na ruhusa za mfumo zinamzuia mmoja asiingie kwa mwingine. Hakuna alias ya kukumbuka wala kigezo cha kusahau, kwa kuwa hata ukikosea unakosea ndani ya nyumba hiyohiyo. Kwa ofisi ambayo mtumiaji hajazoea terminali, au kompyuta inayotumiwa na watu wawili, ndiyo ningeanza nayo.

Kero yake huonekana ukihama kwa `su`, amri ya kubadilisha mtumiaji ndani ya terminali, badala ya kuingia kama kawaida. Matoleo ya 2.x humwachia pinentry kazi ya kuuliza nywila, na pinentry akikuta terminali ni mali ya mtumiaji mwingine, anagoma. Unapata kosa la "Inappropriate ioctl for device" au la kunyimwa ruhusa, na unaanza kumlaumu asiyehusika. Toka, ingia upya kwa akaunti hiyo kupitia skrini ya kuingilia, na shida huisha. Ukitumia `gpg1` ndani ya akaunti hiyo, huipati kabisa.

Kontena na mashine pepe

Kontena la Docker au Podman, kisanduku kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na mfumo wako, linakupa kitu ambacho njia zilizotangulia hazikupi: unaweza kuliendesha bila mtandao kabisa, kwa `--network none`, na likaona folda moja tu uliyoliruhusu. Image, yaani kiolezo cha kontena, ijenge kwanza ukiwa na mtandao, gnupg1 ikiwa tayari ndani, ndipo uizimie mtandao na kuipa kazi. Nikiwa na faili nisiloliamini, hapa ndipo nalifungulia. Mambo mawili ya kuzingatia: kwa Docker, mafaili yanayotoka huwa mali ya root na utalazimika kuyabadilisha umiliki, wakati Podman inayoendeshwa na mtumiaji wa kawaida huyarudisha kwa jina lako. Pia, ndani ya kontena kwa kawaida hakuna `/run/user`, kwa hiyo soketi huwekwa ndani ya folda ya funguo yenyewe. Ikiwa njia ya kufika kwenye folda hiyo ni ndefu, inagonga kikomo cha herufi 108 ambacho Linux inakiweka kwa soketi, na wakala haamki. Weka folda iwe `/g` au jina fupi lolote.

Mashine pepe, kwa VirtualBox au nyingine, ndiyo yenye utengano mkubwa kuliko zote, na ndiyo nzito kuliko zote. Unapakua mfumo mzima, na laptopu yenye RAM ya GB 4 itapumua kama mzee anayepanda ngazi. Inafaa pale ambapo programu ya zamani yenyewe haikubali mfumo wa kisasa, kwa mfano PGP ya kibiashara iliyoandikwa kwa Windows za enzi hizo. Kwa GnuPG pekee ni kumvalisha mtoto koti la baba yake. Jambo lisiloonekana haraka: picha za hali, zile unazopiga ili uweze kurudi nyuma, hubeba diski, na zikipigwa mashine ikiwa inakimbia hubeba na kumbukumbu yake. Ufunguo uliofuta leo bado umo ndani ya picha ya jana.

Walio na mbili bila kujua

Wapo wasiowahi kuomba matoleo mawili na wanayo. Kwenye Windows ni jambo la kawaida kabisa. Gpg4win, kifurushi cha GnuPG cha Windows, hukuwekea GnuPG yenye funguo ndani ya `AppData\Roaming\gnupg`. Git kwa Windows nayo huja na gpg yake, inayotazama `.gnupg` ndani ya folda yako ya mtumiaji. Unatengeneza ufunguo kwenye Kleopatra, programu ya madirisha inayokuja na Gpg4win, unaambia git itie sahihi, git inasema hakuna ufunguo wa siri. Andika `where gpg` kwenye Command Prompt, kisha `which gpg` ndani ya Git Bash, utaona njia mbili tofauti. Usijaribu kuzilazimisha zitumie folda moja, maana zimejengwa kwa namna tofauti na mawakala wao hawasikilizani vizuri. Ielekeze git kwenye gpg ya Gpg4win kwa `git config --global gpg.program` na njia kamili ya faili, iache ile nyingine ilale.

Kwenye Mac hali ni kinyume: GPG Suite, kifurushi cha GPG cha Mac, ina programu yake ndani ya `/usr/local/MacGPG2`, Homebrew, kisakinishi cha programu, ina yake, na zote mbili zinakimbilia `~/.gnupg` hiyohiyo. Lile onyo la seva ya zamani utaliona sana. Hapa ushauri wangu ni mfupi: chagua moja, ondoa nyingine.

Thunderbird, programu ya barua pepe, tangu toleo la 78 la mwaka 2020, haitegemei GnuPG. Ina maktaba yake, RNP, na hifadhi yake ya funguo. Kwa hiyo ukiongeza muda wa ufunguo wako kwenye GnuPG, Thunderbird haitajua mpaka uuingize upya. Hilo si kosa la kurekebisha, ni jambo la kuandika kwenye daftari.

Ningekuchagulia nini

Una kumbukumbu za zamani na Linux: njia ya kwanza, na `gpg1` iwe ya kufungulia tu. Usitengeneze nayo ufunguo, usisimbe nayo kitu kipya. Toleo lake la mwisho ninalolitumia, 1.4.23, ni la 2018. Ukishafungua vya zamani na kuvisimba upya, iondoe.

Kompyuta ni ya ofisi na wewe huwepo mara moja kwa mwezi: akaunti ya pili, bila kusita. Unaandika programu na unataka kujua 2.4 itafanyaje na msimbo wako: kontena kabla ya `/opt`, kwa sababu kontena ukilichoka unalifuta na halikuachii maktaba zilizosahaulika. `/opt` naiacha kwa anayehitaji toleo jipya kila siku na yuko tayari kulilea. Mashine pepe ni kwa programu isiyokubali kuishi mahali pengine.

Na kama tayari umechanganya, kama nilivyochanganya mimi, usifute kitu. Nakili `~/.gnupg` yote mahali salama kwanza. Kisha uhamishe ufunguo uliopotelea upande wa pili:

`gpg1 --export-secret-keys NAMBA | gpg --import`

Pinentry itakuuliza nywila, uitie. Andika `gpg -K` uhakikishe umetokea, simba kitu kidogo, kifungue, uone kimefunguka. Hapo ndipo `secring.gpg` inapotoka kwenye mashine: mimi huihamishia kwenye flashi iliyosimbwa, na folda ya kazi inabaki bila hiyo.

Siku ile ofisini nilifanya hivyo dada wa uhasibu akiwa amesimama nyuma ya kiti, mkono mmoja kwenye simu. Faili la malipo lilifunguka saa nane na dakika hamsini. Akaniuliza kama lile jina "zamani" ninaloliandika ndiyo nywila. Nikamwambia hapana, na tukaibadilisha nywila hata hivyo, kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani.